Saizi ya nguo nayo ni kipimo, na kipimo ni amana

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa walimwengu, aliyeinua mbingu na akaweka mizani ili waja wake wasidhulumiane. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyefanya biashara kabla ya kupewa Utume na akajulikana Makka kwa uaminifu wake, ziwafikie pia Aali zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hakuna mtoto aliyepita madrasa asiyejua kuwa kupunja kipimo ni dhambi. Tumefundishwa habari ya pishi na kibaba, tukafundishwa habari ya ratili na kilo, na sote tunamchukia muuza sukari anayechezea mizani. Lakini biashara za zama zetu zimeleta vipimo vingine ambavyo havipimwi kwa kilo, na wengi wetu tumedhani kuwa hivyo havimo katika onyo la Qur'an. Kimojawapo ni saizi ya nguo, hususan nguo zinazouzwa kwa njia ya intaneti na simu, ambapo mnunuzi haioni nguo kwa macho wala haigusi kwa mkono, bali anaona picha na namba tu, kisha anatuma pesa.

Katika darsa za kina mama swali hili limekuwa halikosekani, hasa zikikaribia sikukuu za Idi. Dada ameona abaya katika simu. Ameuliza saizi, akajibiwa kuwa ipo namba 56. Yeye siku zote huvaa 56, basi akatuma pesa pamoja na nauli ya basi ya kuletewa mzigo mkoani. Mzigo ukafika siku mbili kabla ya Idi. Kuivaa, urefu umekaa sawa sawa, lakini kifua hakipiti, na kikilazimishwa kinabana mpaka maungo yanajichora. Anampigia muuzaji, naye anajibu kuwa 56 ni 56, na kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Muulizaji anataka kujua: katika dini, nani mwenye haki hapa?

Tusiharakie kujibu. Ni vyema kwanza tukaielewa hiyo namba yenyewe.

Namba hizi zina maana gani?

Tuanze na abaya, kwa kuwa ndilo vazi la dada zetu. Abaya zinazotoka Dubai na nchi nyingine za Ghuba huandikwa namba 52, 54, 56, 58, 60 na kuendelea. Namba hiyo ni urefu wa vazi kwa inchi, tangu begani mpaka chini. Kwa hiyo 56 maana yake ni inchi 56 za urefu, basi. Haikusema chochote kuhusu upana wa kifua, wala mduara wa nyonga, wala urefu wa mkono. Wanawake wawili wenye kimo kimoja, mmoja mwembamba na mwingine aliyezaa watoto watano, wote wataambiwa wachukue 56. Kiwanda kimoja kitaishona pana na kingine kitaibana ili kupunguza kitambaa, na zote mbili zitaandikwa 56. Basi muuzaji aliyesema 56 ni 56 hakusema uongo kuhusu urefu, lakini pia hakumwambia mnunuzi alichohitaji kukijua.

Nguo zinazotoka China nazo zina mtindo wake. Wengi wetu tunaangalia herufi M, L au XL, tunasahau kuwa kwenye lebo mara nyingi pameandikwa tarakimu kama 165/88A. Huo ndio utaratibu wa taifa lao. Namba ya kwanza ni kimo cha mtu kwa sentimita, ya pili ni mduara wa kifua chake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha umbo, yaani tofauti kati ya kifua na kiuno. Tarakimu hizo zina habari zaidi kuliko XL. Herufi XL haina sentimita ndani yake. XL iliyokusudiwa kwa soko la China aghalabu huwa ndogo kuliko XL ya Marekani, na anayeagiza kwa kutazama herufi peke yake atapata nguo ya mdogo wake.

Zile za Ulaya na Marekani ndizo usiseme. Gauni ambalo Uingereza linaitwa 12, kwa kawaida Marekani huitwa 8, Ujerumani 38, Ufaransa 40 na Italia 44. Mwili ni mmoja, majina ni matano. Mitumba inayofunguliwa katika masoko yetu imechanganya namba zote hizo katika robota moja. Lakini kwenye mtumba mnunuzi anaishika nguo na kujipimia mwilini, kwa hiyo lebo haina uwezo mkubwa wa kumdhuru. Madhara huja pale lebo inapokuwa ndiyo macho pekee ya mnunuzi.

Walijaribu, kisha wakaacha

Huenda mtu akadhani kuwa fujo hii imeletwa na simu. Sivyo. Tatizo hili ni la kale kuliko intaneti, na lilianza kuwauma Wamarekani zama ambazo watu waliagiza nguo kwa vitabu vya picha vilivyotumwa kwa posta. Nguo ilifika, haikai mwilini, ikarudishwa, mfanyabiashara akapata hasara. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilisimamia kazi ya kuwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili kupata msingi wa saizi. Hata hiyo haikuwa na insafu, kwani hesabu za mwisho zilitegemea wanawake weupe tu, kana kwamba wengine hawavai nguo. Hatimaye, kwa maombi ya wafanyabiashara hao wa posta, mwaka 1958 serikali ilitoa kiwango cha saizi za nguo za wanawake. Kiwango hicho kikaja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 kikaondolewa kabisa. Tangu hapo kila kampuni ikawa huru kuita nguo yake namba inayoitaka.

Uhuru huo ulitumikaje? Wafanyabiashara waligundua kuwa mwanamke anafurahi akiambiwa amevaa namba ndogo. Basi wakawa wanaongeza kitambaa huku wanapunguza namba. Gauni namba 8 la kiwango cha 1958 lilikuwa la kifua cha inchi 31 hivi, na leo mwili huo haupati hata namba ndogo kabisa katika viwango vya hiari vya Marekani, ambayo ni sifuri mbili. Kwa maneno mengine, lebo iliacha kuwa kipimo ikawa sifa ya kumpendekezea mteja. Mteja anadanganywa, na anaupenda uongo, na kwa kuupenda analipa.

Tukumbuke hapa, ndugu msomaji, kwamba uongo haugeuki kuwa halali kwa sababu anayedanganywa ameufurahia. Mzani unaosema uzito mdogo kuliko ukweli na mzani unaosema uzito mkubwa kuliko ukweli yote miwili ni mibovu.

Onyo la Qur'an halikuishia kwenye nafaka

Sura ya 83 katika Qur'an imepewa jina la wapunjaji wenyewe, Al-Mutaffifin. Allah (SW) anaifungua kwa kuwatangazia maangamizi watu ambao wakipokea wanataka kipimo kitimie, na wakitoa wanapunguza, kisha anawauliza iwapo hawadhani kuwa watafufuliwa kwa ajili ya Siku iliyo kubwa (83:1-5). Wanachuoni wa lugha wanatueleza kuwa neno hilo limetokana na kitu kidogo, kitu hafifu. Tuizingatie nukta hii. Onyo zito namna hii halikushuka kwa ajili ya majambazi wanaobeba ghala zima, bali kwa ajili ya mtu anayechukua kidogo ambacho hakionekani. Inchi mbili za kifua ni kitu kidogo. Ni katika kidogo hicho hicho ndimo onyo lilimoshuka.

Nabii Shuaib (AS) alitumwa kwa watu wa Madyan, na Qur'an imetaja mara kadhaa kuwa aliwakataza kupunguza vipimo na mizani. Lakini hakuishia hapo. Aliwakataza pia kuwapunguzia watu vitu vyao (7:85, 11:85, 26:183). Neno vitu ni pana. Linachukua nafaka na linachukua nguo, linachukua urefu na upana, na linachukua hata sifa ya kitu aliyoahidiwa mnunuzi. Aliyelipia upana na hakuupata, amepunguziwa kitu chake.

Tuje katika Sunna. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (RA) kisa kinachojulikana sana. Mtume (SAW) alipita sokoni akakuta rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula kulikoni, akajibiwa kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamtaka aeleze kwa nini asikiweke hicho kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatamka kuwa mwenye kughushi si katika wenzake.

Tuchukue kisa hiki tukiweke kwenye simu. Picha ndiyo sehemu ya juu ya rundo. Inang'aa, imepigwa kwenye mwanga mzuri, sanamu iliyovalishwa ina umbo la kupendeza, na pengine nguo imebanwa mgongoni kwa vibanio ili ikae vizuri mbele. Sentimita ziko chini ya rundo ambako mnunuzi hawezi kutia mkono. Mtume (SAW) hakumlaumu yule bwana kwa mvua, kwani mvua haikuwa kosa lake. Alimlaumu kwa kuweka kikavu juu na kilicholowa chini. Vivyo hivyo hatumlaumu dada anayeuza nguo kwa kuwa kiwanda cha ng'ambo kimeshona nyembamba. Tunamlaumu iwapo anajua kuwa mzigo huu unakuja mdogo, wateja watatu wamekwisha mlalamikia, na bado anaandika XL na kunyamaza.

Tena Mtume (SAW) hakuacha soko bila ya kipimo cha rejea. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na An-Nasai kutoka kwa Ibn Umar (RA), alielekeza kuwa katika ujazo watu warejee kipimo cha watu wa Madina na katika uzito warejee mizani ya watu wa Makka. Madina walikuwa wakulima, wanapima tende kwa pishi. Makka walikuwa wafanyabiashara, wanapima kwa uzito. Kila jambo likarejeshwa kwa wenye ujuzi nalo, ili pishi ya huyu isiwe tofauti na pishi ya yule. Huu ndio ufumbuzi ambao wenye viwanda vya nguo wameukimbia kwa miaka mingi.

Gunia la lumbesa na lebo ya XL

Watanzania tunaifahamu vizuri lumbesa. Mkulima analetewa gunia, linajazwa mpaka juu, kisha linaongezewa kilemba na kushonewa kwa kamba, na mwisho analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiipiga vita, na watu wa dini tumeikemea mimbarini. Hila ya lumbesa ni nini hasa? Ni kutumia neno gunia, ambalo ni jina la chombo, mahali ambapo panatakiwa kilo, ambazo ni kipimo. Neno moja linanyooshwa kwa faida ya mwenye nguvu.

Sasa itazame lebo ya XL. Nayo ni jina lililowekwa mahali pa sentimita. Inanyooshwa na kufinywa kwa faida ya muuzaji. Kama tunamhurumia mkulima wa viazi kwa sababu ya gunia, basi tumhurumie na mama mjane aliyedunduliza pesa za kumnunulia binti yake nguo ya Idi, akaletewa isiyopita mabegani. Hasara yake si ndogo. Pesa imekwenda, nauli imekwenda, na binti amekaa ndani siku ya furaha.

Iko na hasara nyingine ambayo kwetu ni kubwa zaidi. Nguo ya Muislamu wa kike imekusudiwa stara, na sharti la stara ni isionyeshe maungo. Abaya iliyokuja imebana imekosa kazi yake ya asili, hata kama kitambaa ni cha bei ghali na nakshi zake ni za kupendeza. Anayeivaa kwa sababu tu amekwisha ilipia anajikuta amenunua fitna kwa pesa yake, na muuzaji aliyejua ana fungu lake katika hilo.

Fiqhi inasemaje?

Turudi kwenye swali la muulizaji. Wanachuoni wetu wa fiqhi hawakuiona simu, lakini biashara ya kitu kisichoonekana waliijadili kwa kina. Imam Muslim amepokea katazo la Mtume (SAW) kuhusu biashara yenye gharari, yaani yenye utata na kubahatisha. Kwa msingi huo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wanaruhusu, lakini wanampa mnunuzi khiyari ya kuona, kwa maana kwamba akikiona ana haki ya kukubali au kukataa. Tazama basi: huyu anazuia biashara, na yule anairuhusu lakini anaacha mlango wa kurudisha ukiwa wazi. Hakuna kati ya hao wawili aliyemlazimisha mnunuzi abaki na kitu ambacho hakukijua.

Je, kuagiza nguo kwa simu ni haramu moja kwa moja? Hapana. Ipo njia ambayo madhehebu yote manne yanaikubali, nayo ni salam, yaani kulipa kabla na kupokea baadaye kitu kilichoelezwa sifa zake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kuwa Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia, ila aliwashurutishia kuwa kipimo kiwe kinajulikana, uzito uwe unajulikana na muda uwe unajulikana. Funguo zote ziko hapo: kujulikana. Biashara ya mbali ni halali kwa kadiri sifa za bidhaa zinavyojulikana, na kwa nguo sifa ya kwanza kabisa ni vipimo vyake.

Kwa msingi huo tunaweza kuyapambanua mambo matatu.

Kwanza, muuzaji ametaja vipimo, tuseme kifua inchi 44, na nguo imekuja na inchi 40. Hapa sifa iliyoshurutishwa imekosekana. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kupewa pesa yake. Maandishi ya kuwa mali ikishauzwa hairudishwi hayabadili kitu, kwa sababu mali iliyouzwa siyo iliyoletwa. Na insafu inataka nauli ya kurudisha ibebwe na aliyesababisha.

Pili, muuzaji ametaja namba ya lebo tu, na namba hiyo haina maana moja. Hapa ndipo alipo muulizaji wetu. Kama katika soko hilo ipo desturi inayojulikana na pande zote mbili, desturi hiyo itachukuliwa kama sharti. Kama haipo, basi mkataba una ujinga ndani yake, na ujinga huo haumwelemei mnunuzi peke yake. Muuzaji ndiye aliye na nguo mkononi na ndiye awezaye kuipima kwa dakika moja. Ikiwa alijua kuwa inabana akanyamaza, ameghushi, na katika madhehebu ya Imam Shafi sharti la kujivua dhima halimkingi mtu aliyeijua kasoro na kuificha. Ikiwa hakujua, basi na akubali irudishwe, kwani biashara halali ni ile ya kuridhiana (4:29), na mtu haridhii asichokijua.

Tatu, vipimo vilitajwa sawasawa, nguo imekuja kama ilivyoelezwa, lakini mnunuzi alijipima vibaya au amebadili nia. Hapa muuzaji halazimiki kurudisha pesa. Hata hivyo Uislamu umempendezea iqala, yaani kumkubalia mwenzake kuvunja biashara baada ya kufungwa. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (RA) kuwa mwenye kumfanyia hivyo Muislamu, Allah (SW) atamsamehe kuteleza kwake. Nani kati yetu asiyehitaji kusamehewa kuteleza?

Wallahu aalam.

Wajibu wa dada zetu wanaouza

Wengi wanaouza nguo kwa simu ni dada zetu, wake zetu na mabinti waliomaliza vyuo wakakosa ajira. Tunawaunga mkono, maana jasho la halali ni heshima. Ndiyo maana tunawausia, kwa sababu biashara hii roho yake ni kuaminiwa, na mteja aliyeletewa nguo isiyomkaa hurudi mara moja tu, tena kulalamika.

Kila nguo itandazwe chini, ichukuliwe tepu ya fundi, ipimwe kutoka kwapa hadi kwapa na namba hiyo izidishwe mara mbili. Ikiwa kwapa hadi kwapa ni inchi 22, mduara wa kifua ni inchi 44. Ipimwe nyonga vivyo hivyo, urefu wa mkono, na urefu wote. Namba hizo ziandikwe chini ya picha pamoja na ile ya lebo. Ielezwe wazi kuwa hivyo ni vipimo vya nguo au ni vya mwili wa mvaaji, maana hivi ni vitu viwili tofauti: mtu wa kifua cha inchi 40 anayetaka abaya isiyobana anahitaji nguo inayozidi hapo kwa inchi kadhaa. Isemwe pia kama kitambaa kinavutika au hakivutiki.

Yule ambaye hana nguo mkononi, anaonyesha picha za kiwanda cha China kisha anapokea pesa ndipo aagize, na atanabahi. Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam (RA) kuuza asichokuwa nacho. Njia ya kutoka ipo. Ama aifanye salam kwa masharti yake, vipimo na muda vikiwa bayana na malipo yakitangulia yote, ama awaambie wateja kuwa yeye ni wakala wa kuwaagizia, na ujira wake ni kiasi fulani. Vyote viwili ni halali. Kisichofaa ni kujifanya mwenye mali, na likitokea tatizo akasema mimi ni mtu wa kati tu.

Huyu huyu Hakim bin Hizam ndiye aliyetupokelea, katika Bukhari na Muslim, kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake itafutwa. Watu wanalalamika kuwa wanauza sana lakini hawaoni faida. Huenda dawa iko kwenye tepu ya fundi.

Mnunuzi naye ana mizani yake

Tusije tukadhani kuwa dhulma ni ya muuzaji peke yake. Aya za Al-Mutaffifin zinamzungumzia mtu anayetaka haki yake itimie na haki ya mwenzake ipungue, na mtu huyo anaweza kuwa mnunuzi. Wako wanaovaa nguo harusini lebo ikiwa imefichwa ndani, kesho yake wanairudisha wakisema imewabana. Huo ni uongo na ni kula mali ya mtu kwa batili. Wako wanaoagiza saizi tatu za nguo moja kwa nia ya kubaki na moja, bila ya kumweleza muuzaji, naye ni mama mwenye mtaji wa nguo kumi tu. Wakielewana tangu mwanzo hakuna ubaya. Wasipoelewana, wamemfungia mwenzao mtaji.

Mnunuzi ajipime kabla ya kuagiza, na asikisie kwa namba aliyovaa mwaka juzi. Aulize inchi na sentimita, na asitosheke na herufi. Ashurutishe mapema haki ya kurudisha. Sahaba mmoja aliyekuwa akidanganywa katika biashara alielekezwa na Mtume (SAW) atamke wakati wa kununua kuwa hapana hadaa, na kutokana na hadithi hiyo wanachuoni wakaeleza khiyari ya sharti ya siku tatu. Dada yangu, andika hilo kwenye ujumbe kabla hujatuma pesa: nikiipokea, nina siku tatu za kuijaribu bila ya kuitumia. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Tusisubiri wengine watufundishe dini yetu

Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2011, umempa kila anayenunua kwa mbali siku 14 za kurudisha bidhaa bila hata kutoa sababu, isipokuwa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake mwenyewe na vitu vichache vingine. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2020, imepiga marufuku kuteketeza nguo ambazo hazikuuzwa, kwa kuwa ilibainika kuwa bidhaa mpya zilikuwa zinaangamizwa. Sisi tulifundishwa khiyari na tukakatazwa israfu karne kumi na nne zilizopita. Tanzania nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambazo zimegusa haki za mlaji. Lakini sheria haifiki kwenye kila simu. Panapofika kila simu ni pale alipo Allah (SW) kwa ujuzi wake, anayeona ujumbe ulioandikwa na ule uliofutwa.

Zamani dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, afisa aliyezunguka sokoni akikagua mizani na vipimo. Leo hatuna. Basi kila mmoja na awe muhtasib wa duka lake. Misikiti yetu na vikundi vya kina mama vinaweza kukubaliana jambo jepesi: kila mwanachama anayeuza nguo ataandika vipimo vinne, na atapokea nguo iliyokuja kinyume na maelezo. Halihitaji ofisi wala bajeti. Linahitaji tepu na khofu ya Allah.

Tutasimamishwa mbele ya Mola Siku ambayo mizani haitakuwa na lebo. Hapo haitaulizwa namba tuliyoiandika, bali kile tulichokitoa. Mwenye kuliamini hilo hataona uzito kupima nguo mara mbili kabla ya kusema ni saizi gani.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie tuwe wakweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, na atubarikie katika chumo letu la halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.